Birika la Sura ya Kisima

Watu wa Amu, ndiyo Lamu hiyo, wana ugonjwa mmoja usio na daktari. Kitu kizuri wanakipenda sana, ila kwanza wataka wahakikishiwe kuwa kimetoka mbali. Sahani ya ng'ambo huwekwa kidakani, kwenye ule ukuta wa vishubaka vya chokaa, ionwe na kila aingiaye. Chungu cha Pate, kisiwa cha jirani, hupelekwa jikoni kikale masizi. Na aliyekifinyanga huachwa mlangoni, akapewa maji ya kunywa akiwa amesimama.

Bi Ruwaida binti Husni alizaliwa ndani ya ugonjwa huo, akanyweshwa pamoja na maziwa ya mama, na mpaka alipofika miaka hamsini na mbili hakuwahi kujiuliza kama ni ugonjwa. Kwao ni mtaa wa Mkomani, nyumba ya mawe yenye vidaka ukuta mzima na kisima chake uani. Aliolewa, akafiwa na mume kabla ya kupata mtoto, akarudi kwa kaka yake Mohdhar. Kaka naye alikuwa amefiwa na mke, kaachiwa kitoto cha miaka mitatu kiitwacho Safaa. Ruwaida akakichukua kitoto kile, akakiogesha, akakisomesha, akakisuka nywele, na leo kitoto ni msichana wa miaka ishirini na mitatu anayemwita shangazi kwa sauti ya kumwita mama.

Mambo yote yalianzia kwenye kifuniko. Hapo zamani kidaka cha katikati kilikuwa na birika la udongo mwekundu kutoka China, la bibi yao mzaa baba. Mwaka aliokufa bibi, birika likaanguka likavunjika, na wanawake wa nyumba wakasema limemeza husuda iliyokusudiwa nyumba. Kikabaki kifuniko peke yake, kimekaa kidakani miaka na miaka kama kofia ya marehemu. Siku moja Ruwaida alikuwa akipangusa vumbi, akakishika, na akashikwa na hamu ya ajabu ya kukitafutia mwili.

Akamwendea Nana, mwanamke wa Pate ambaye kila wiki hushuka Amu na vyungu, vikaango na vyetezo vya ubani, akavipanga chini karibu na soko. Nana ni mfupi, mikono yake mipana, na ulimi wake haujui mwenye nyumba wala mpangaji. Alikigeuza kile kifuniko, akacheka.

"Kifuniko na mwili ni ndugu wa tumbo moya, Bi Ruwaida," alisema. "Hukauka pamoya, hunywea pamoya, huunguzwa pamoya. Yatima huyu hutampatia mama."

Mtu mwingine angeshukuru akaenda zake. Ruwaida alimwomba udongo. Kwa miezi minne alifinyanga mwili baada ya mwili, kila mmoja akiupima kwa uzi, na kila ulipotoka motoni ulikuwa umenywea kidole kizima, kifuniko cha bibi kikaukalia juu juu kama bwana harusi aliyevaa kofia ya babake. Kosa hilo ni la waungwana peke yao: kudhani kwamba ukibaki na cha juu, cha chini kitajileta chenyewe. Mwezi wa tano alikirudisha kifuniko kidakani na akamwambia Nana, sasa nifundishe toka mwanzo.

Akafundishwa. Akajifunza kuponda udongo na kuuchekecha, kuuchanganya na vigae vya vyungu vya zamani vilivyosagwa ili usiogope moto, kuukanda mpaka usikike kimya mkononi. Alijifunza kusugua kwa kokoto, kupaka ngeu, ile rangi nyekundu ya udongo, kukausha kivulini, kuchoma kwa makumbi ya nazi nje ya mji, kisha kukinywesha chombo uji wa mchele ili kisivuje. Kucha zake zikawa nyekundu. Majirani waliziona, na mji mdogo hauna haja ya redio.

"Mfinyanzi hulia gaeni," wakawa wakisema akipita, wasemaji wakiangalia upande mwingine. Mohdhar hakuangalia upande mwingine. Alimwambia dada yake waziwazi kwamba katika nyumba yao hakuna mwanamke aliyepata kushika udongo, na walioushika walikuwa watu wa kuagizwa. Alikuwa akisema kweli, na hiyo kweli ndiyo yenyewe aibu. Kazi haikuwa na ubaya wowote. Ubaya ulikuwa kwa waliowamiliki wafanyaji wake, kisha wakaiachia kazi lawama ya hayo waliyoyatenda wao. Ruwaida aliyafikiria haya siku tatu. Siku ya nne kaka akampiga Nana marufuku kubisha mlango wa mbele, na Ruwaida akatoka mwenyewe, mchana wa saa sita, akapita njia kuu na gunia la udongo kichwani. Hakuna mwanamke wa Mkomani aliyewahi kubeba kitu kichwani katika njia ile. Alipita polepole, akisalimia kila mtu kwa jina.

Safaa ndiye aliyeleta Wachina. Alikuwa na simu, na kwenye simu kulikuwa na video za mji mmoja wa China ambako watu wamefinyanga mabirika ya udongo mwekundu kwa mamia ya miaka, bila rangi, bila maua, udongo wenyewe tu. Simu ilitafsiri, vibaya vibaya, na wawili wale wakakaa darini vichwa vimegusana wakitazama. Wakaona kwamba kila birika lina sura yake na kila sura ina asili yake. Kuna lililochukua sura ya ngoma ya kale, na lililochukua kigae cha paa la majumba yaliyokwisha kubomoka. Kuna lenye umbo la upawa wa jiwe, na lililoitwa kwa jina la mwanamke mzuri wa enzi hizo, la mviringo, limejaa. Na kuna moja lililonakiliwa kutoka mdomo wa kisima, kisima cha jiwe tu, ambacho watu walichotea maji.

"Kisima," Ruwaida alisema.

Jambo la pili lilimkaa zaidi. Mafundi wale walikuwa wakirudia sura za mababu bila haya, lakini chini ya kila birika waligonga muhuri wa jina lao wenyewe. Sura ya kale, jina la leo. Na watu waliyanunua kwa jina.

Basi Ruwaida alishuka uani, akakaa mbele ya kisima chao. Mdomo wake ni wa jiwe la matumbawe, mpana chini, umebana juu, na ukingoni kamba za vizazi zimekula mifereji, mahali pengine kidole kinazama. Kamba hizo hazikuvutwa na wanawake wa nyumba. Alijua waliozivuta walikuwa nani: ni wale watu wa kuagizwa. Alifinyanga birika kwa sura hiyo, na kwenye ukingo wake akachonga mifereji ile yote, mmoja mmoja, kila mmoja mahali pake. Lilimchukua mwaka. Matano yalipasuka. La sita lilitoka motoni jekundu la kuiva, kifuniko chake kimekaa sawasawa hivi kwamba ukiziba kitundu cha juu kwa kidole, chai yasimama mdomoni isitoke hata tone. Nana aliligonga kwa ukucha, akasikiliza, akaligonga tena. Kisha alisema kwamba yeye mwenyewe hajapata kufanya kama lile, na Nana si mtu wa kutoa sifa bure.

Chini yake Ruwaida hakuandika kitu. Kabla ya kulichoma, sindano ilikuwa mkononi, udongo bado laini, na aliogopa. Nalisema hili kwa sababu yeye mwenyewe hulisema.

Mohdhar alilikuta kidakani, akalipenda. Alilipenda kwa dhati, akawa akiinuka kwenye kiti kwenda kulitazama. Wiki ya pili akaja mgeni, akauliza, na Ruwaida akamsikia kaka yake akijibu kwamba hilo ni la bibi yao, limetoka China. Mara ya kwanza alicheka jikoni peke yake. Mara ya tatu hakucheka.

Kisha ikaja posa. Kijana Ubaid, mwalimu wa shule, alimtaka Safaa, na Safaa alimtaka Ubaid. Babu wa kijana ni Bwana Abdulghafur, mtu anayesifika Amu nzima kwa kujua vitu vya kale; akilitazama bakuli, bakuli hupanda bei. Katika nyumba kama zao, siku ya kukubaliana huandikwa karatasi ya vitu ambavyo bibi harusi atatoka navyo kwao, ili kesho likizuka la kuzuka, cha mtu kijulikane ni cha mtu. Mohdhar alitaka juu ya karatasi hiyo paandikwe birika la China la mababu.

Alimwita dada yake siku moja kabla, baada ya alasiri. Alimweleza taratibu, kama mtu mwenye huruma. Birika litatoka na Safaa na litamletea heshima kwa wakwe. Na kwa kuwa la mababu haliwezi kuwa na pacha, itambidi Ruwaida asifinyange tena. Likitokea la pili la sura ile, hata miaka kumi ijayo, mtoto ndiye atakayefedheheka.

"Sikwambii useme uongo," alisema Mohdhar. "Nakwambia unyamae tu."

Ruwaida alimtazama Safaa, aliyekuwa kizingitini. Msichana alikuwa amejaa hofu. Alikuwa na mchumba anayempenda na babu wa mchumba wa kumwogopa. Hakumwomba shangazi yake kitu, wala la kusema wala la kunyamaza. Hilo lilimwuma Ruwaida kuliko kama angeomba. Hakujua atafanya nini. Akisema, huenda akamvunjia mtoto ndoa aliyomlea aifikie. Akinyamaza, basi mikono yake imezikwa akiwa hai, na juu ya kaburi limeandikwa jina la mtu mwingine.

Wageni walikuja saa nne asubuhi, Bwana Abdulghafur na wazee wawili. Wanawake waliketi chumba cha ndani nyuma ya pazia pamoja na Safaa. Ruwaida, kwa umri wake na ujane wake, alikuwa akiingia na kutoka na mahamri na kahawa, na seredani ya makaa iliwaka kando kwa ajili ya kuipasha moto. Salamu zikaenda, dua ikasomwa, karatasi ikatolewa. Bwana Abdulghafur huandika kwa herufi za Kiarabu, mkono wake mzuri, na hakuna aliyemharakisha. Aliandika vikuku, akaandika kitanda cha mpingo, kisha Mohdhar akaliweka birika mbele yake.

Mzee alivaa miwani. Alilizungusha, akainua kifuniko, akanusa, akapitisha kidole ukingoni. Akasema ni kazi ya miaka mia tatu, haipungui. Akasema udongo kama huu nchi hii haina. Na mifereji ile ukingoni, alisema, ni maandishi ya kifalme ya Wachina yaliyofutika kwa kushikwa sana, na aliwaonyesha wazee wenzake herufi moja moja mpaka nao wakaziona.

Uani, hatua kumi na mbili kutoka alipoketi, herufi zile za kifalme zilikuwa juani zimewekewa ndoo.

Ruwaida alikuwa ameshika sinia. Alisema baadaye kwamba kama mzee angelisifu tu, pengine angenyamaza. Lakini zile kamba zilivutwa na watu waliokuwa na mikono, na sasa mikono hiyo nayo ilikuwa ikinyang'anywa, akapewa mfalme ambaye hata hakuwako. Akaweka sinia chini.

"Birika hili nilifinyanzile mimi, Bwana Abdulghafur," alisema. "Udongo ni wa Pate. Na hayo unayosoma ni ndia za kamba. Kisima kiko hapo uani, inuka ukisome."

Mohdhar alicheka haraka. Aliwaambia wageni kwamba dada yake tangu afiwe hupenda mzaha. Bwana Abdulghafur naye alitabasamu, tabasamu la kumsamehe mtoto, na akasema kwa upole kwamba amekaa na vitu vya kale miaka hamsini, na mkono wa China anaujua hata gizani. Visima hufanana. Hakuinuka.

Basi Ruwaida alilichukua birika kutoka mikononi mwake. Alitia maji, majani ya chai, kipande cha tangawizi, akalifunika. Akasogea kwenye seredani.

Mzee aliruka kama kijana. "Bi Ruwaida! Birika la udongo wa China haliwekwi motoni. Litapasuka."

"La China litapasuka," alisema Ruwaida. "Nawe ushasema mwenyewe, mbele ya mashahidi."

"Nakukataza," alisema Mohdhar.

"Nikataze, kaka. Kisha waeleze wageni kitu gani wachelea."

Akaliweka juu ya makaa.

Sasa nikwambie asichowaambia wao. Hakuwahi kuliweka birika lile motoni hata siku moja, kwa kulionea huruma. Vigae alivisaga vizuri, uji alilinywesha, lakini lilikuwa jembamba kuliko chungu chochote cha Nana, na makaa yalikuwa makali. Likipasuka, basi ni la China milele, na yeye ni mwanamke mwenye wazimu aliyevunja urithi wa watu siku ya posa. Alisimama mikono imening'inia, kucha nyekundu mbele ya wote. Kitu kikalia tiki. Mohdhar akafumba macho. Lilikuwa kaa. Nyuma ya pazia hata watoto walinyamazishwa. Maji huchukua muda wake kuchemka, hayajali heshima ya mtu.

Mvuke ulianza kwenye kitundu cha kifuniko, uzi mwembamba, kisha mnene, kisha kifuniko kikaanza kuruka ruka na harufu ya tangawizi ikajaa chumba. Ruwaida alilishika kwa kitambaa, akamimina vikombe vitatu, akaweka kimoja mbele ya kila mzee. Birika lilikuwa zima. Lilikuwa limezidi wekundu.

Bwana Abdulghafur hakuwa mjinga, na hilo ndilo lililomfanya kuwa hatari. Alikunywa. Akasema chai nzuri. Kisha akainama, akasema kwa sauti ya chini, ya mtu anayetaka mema, kwamba waliojua ni wao waliomo chumbani, na hakuna haja ya mji kujua. Karatasi iandikwe tu birika la kale la nyumba hii. Hakuna atakayeumia.

"Nitaumia mimi," alisema Ruwaida. "Na kufinyanga siachi, utamwona pacha wake kabla ya Ramadhani. Andika, birika moya, kazi ya Ruwaida binti Husni, mfinyanzi."

Mzee aliweka kalamu chini. Alivua miwani, akaikunja. "Hatukuya kuposa kwa mfinyanzi," alisema.

Wazee wenzake walianza kuvuta kanzu zao kutaka kusimama. Mohdhar hakugomba. Alimgeukia dada yake na uso uliovunjika, akamwambia, ona, mtoto uliyemlea. Na Ruwaida aliona. Miaka ishirini aliyomsuka yule msichana ikamjia kwa pamoja, na kama mtu angemwomba wakati ule afute maneno yake, wallahi nadhani angeyafuta.

Pazia likasogea. Safaa hakutoka, ulionekana mkono tu umeshika ukingo wa kitambaa, hina bado haijapakwa. Alisema kwa adabu, polepole, kila neno likasikika.

"Bwana Abdulghafur, jina la shangazi yangu lisipoandikwa, na langu msiliandike."

Mzee alilitazama pazia. Nadhani aliona njia yote ya kurudi kwao, na watu barazani wakiuliza imekuwaje, na mjukuu wake mlangoni akimsubiri kwa furaha, naye akieleza kwamba wamekosa mke kwa sababu ya chai. Chai yenyewe bado ilikuwa mbele yake, nusu kikombe. Aliinywa ikaisha. Kisha akavaa miwani, akachukua karatasi mpya, safi, na akaanza upya kutoka juu, na jina la kwanza aliloliandika lilikuwa la mfinyanzi.